Kabla Hujapanda Meli Huko Miami

Mwanangu Zuhura,

Baada ya salamu, nakuarifu kwamba sisi hapa Mombasa tu wazima, na barua yako ya kutuomba dua kabla ya safari ya meli ya utalii imetufikia. Mamako ameisoma mara mbili na tangu hapo hana mazungumzo isipokuwa ya mawimbi. Mimi, niliyetandika vitanda vya abiria kwenye meli kama hizo kwa miaka 18, sina hofu hiyo. Ninachohofia ni kwamba utapanda ukidhani kuwa ukishatoa nauli umemaliza kulipa, na kwamba ukichelewa utangojwa.

Nianze na mawimbi ili mamako atulie. Meli hizi si jahazi. Icon of the Seas, iliyoanza kubeba abiria kutoka Miami mwezi Januari 2024, ina urefu wa mita 365 hivi na sitaha 20, na meli kubwa huwa na mapezi ya chuma yanayotokezwa ubavuni chini ya maji ili kupunguza mrama. Hayaumalizi kabisa. Kwa hiyo chagua chumba cha katikati, sitaha za chini, kwa kuwa omo na tezi ndiko kunakopanda na kushuka zaidi. Wengi hudhani chumba cha juu chenye roshani ndicho bora kwa sababu ndicho ghali, kisha usiku wa manane huniita wakitaka ndimu.

Nauli inakupa chumba, chakula cha kumbi kuu, maonyesho, maji, chai na kahawa ya kawaida. Soda, intaneti, matembezi ya bandarini na daktari wa meli kwa kawaida hulipiwa mbali. Simu yako iweke katika hali ya ndegeni mara tu mnapoiacha pwani, la sivyo itajishika kwenye mtandao wa satelaiti wa meli, na hesabu yake hutaipenda. Bakshishi nayo huongezwa kila siku kwenye hesabu yako, na katika kampuni nyingi za Marekani ni kama dola 16 hadi 20 kwa kila mtu. Wapo abiria waendao kaunta siku ya mwisho wakaomba ifutwe. Usifanye hivyo, nakusihi, kwa maana ndiyo iliyokusomesha.

Sasa la kungojwa. Saa ya kurudi melini hutangazwa, nayo ni kabla ya saa ya kuondoka. Tena fuata saa ya meli, kwani huenda ikatofautiana na ya bandari. Ukienda na msafara uliouziwa melini, nao ukachelewa, meli kwa kawaida huungoja, lakini ukikodi teksi yako mwenyewe, hiyo ni juu yako. Niliwahi kusimama sitahani huko Cozumel, bandari ya kisiwani Meksiko, nikawatazama mzee mmoja na mkewe wakikimbia gatini na mifuko ya zawadi, hali kamba zimeshafunguliwa. Asubuhi ile mimi ndiye niliyewatandikia kitanda. Wakubwa wetu walikuwa wameshazitoa pasipoti zao katika kasha la chumbani na kumwachia wakala wa meli, naye akawakabidhi. Nauli ya ndege hadi bandari iliyofuata waliitoa mfukoni mwao. Kwa sababu hiyo hiyo, uwasili Miami siku moja kabla, wala usitegemee ndege ya asubuhi ya safari.

Wenzako wenye uraia wa Marekani watakwambia kwamba cheti cha kuzaliwa na kitambulisho vinatosha, mradi safari ianze na kuishia bandari ile ile ya Marekani. Kwao ni kweli. Wewe chukua pasipoti yako ya Kenya pamoja na kadi ya ukaazi, uzibebe mkononi pamoja na dawa zako, kwa kuwa mzigo unaowapa wapagazi huenda usifike chumbani hadi jioni. Pasi na birika la umeme uviache nyumbani. Vitazuiliwa kwa kuogopa moto. Chakula cha halali kiulizie mapema, unapokata tiketi, si siku ya kupanda.

Niandikie namba ya chumba utakachopewa na jina la meli, nikwambie kama kiko juu ya ukumbi wa ngoma.

Wakatabahu,
Babako