Salamu za Krismasi na Mwaka Mpya

Ndugu zangu wapendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Mimi na jamaa yangu tunawatakia Krismasi njema na heri ya Mwaka Mpya. Mwaka huu umetubana: kodi ya nyumba imepanda, nauli imepanda, na wengi wetu tumeshindwa kutuma nyumbani kile tulichozoea kutuma. Kwangu, hii ni Krismasi ya kwanza bila baba. Alizikwa mwezi wa nane, nami, kwa kukosa nauli ya ndege, niliyafuata mazishi kwenye simu nikiwa stesheni ya New Jersey, nikisubiri treni ya kwenda kazini.

Treni hiyo hupita chini ya Mto Hudson, katika mahandaki aliyoyaanzisha Alexander Cassatt, mkuu wa kampuni ya reli ya Pennsylvania tangu 1899, ambaye aliingia humo mwaka 1861 akiwa mshika fimbo wa wapima ardhi. Enzi hizo reli yake iliishia Jersey City, na abiria wa New York walishuka na mizigo yao wakavuka kwa pantoni. Cassatt akaamua reli ipite chini ya maji hadi Manhattan. Vibarua walichimba ndani ya hewa iliyoshindiliwa ili matope yasiwafunike, na wengine hawakurudi kwa watoto wao. Mwaka 1906 wachimbaji wa pande mbili walikutana chini ya mto; tarehe 28 Desemba mwaka huohuo, siku tatu baada ya Krismasi, Cassatt akafariki. Treni zilianza kupita 1910. Stesheni yake ya fahari ilianza kubomolewa 1963, lakini mahandaki yangali yanatubeba.

Baba naye aliongeza chumba kwa ajili ya wajukuu ambao hakuwahi kuwaona. Picha ya mwisho aliyonitumia ni ya mlango wa chumba hicho, rangi ya buluu ikiwa bado mbichi.

Basi ndugu zangu, anayesomesha watoto wa marehemu nduguye asichoke, kijana asione haya kuanza na fimbo ya kupimia, na tusimdharau mtu kwa kazi aliyoiacha njiani, kwa maana Mungu huiona tangu msingi.

Wasafiri wafike salama, wagonjwa wapate nafuu, waliofiwa wafarijiwe. Tarehe 28, treni ya asubuhi itakapozama gizani na masikio kuziba, nitamwombea Cassatt, na vibarua wale, na baba.