Mdogo wangu, nimeitazama ile filamu ya bangi

Mdogo wangu,

Nimeitazama. Ile filamu mliyokuwa mnaitazama kwenye banda la video la Baba, usiku wa pili wa tanga lake, nimeitafuta mpaka nikaipata, nikakaa nayo peke yangu sebuleni, Mama akiwa amelala. Imenichukua mwaka mmoja na miezi minne. Nakuandikia hapa mbele za watu kwa sababu simu zangu hupokei, na mtoto wa mama mdogo ameniambia kwamba huku huwa unapita kunisoma. Wasomaji wengine mtanivumilia.

Inaitwa Evil Bong, ya mwaka 2006, mwongozaji Charles Band. Vijana wanaishi pamoja nyumba moja Marekani, mmoja ndio kwanza kahamia, mpole, mtu wa vitabu. Mwenzao anaagiza kwa posta kiko kikubwa cha maji cha kuvutia bangi. Kiko kina sura ya mwanamke na kinasema. Anayekivuta roho yake inabebwa mpaka kwenye klabu ya wanawake wanaocheza nusu uchi, na huko anauawa. Ndicho kisa chote, na nyingi ya filamu imekaa kwenye sebule moja, kochi lilelile.

Wewe hukumkuta Babu na kiko chake, mimi nilimkuta. Bori la tumbaku juu, mrija wa digali ukishuka kwenye kifuu cha nazi chenye maji, na akivuta unayasikia malio mpaka uani, maji yanagugumia kama kuna mtu anasemea chini. Ilikuwa tumbaku tu, lakini sisi watoto tulikuwa hatukisogelei. Kwa hiyo nilipoanza kutazama nilikuwa tayari kabisa kuogopa. Mtu aliyekulia Tanga huhangaiki kumwaminisha kwamba chombo kinaweza kuwa na mwenyewe.

Sikuogopa hata mara moja. Na sikucheka. Vijana wanatoa mzaha mmoja, kisha wanaurudia, kisha wanauelezea. Vifo vinapofika ni sidiria zinazong'ata watu, na hufi na yeyote kati yao kwa sababu hukuonyeshwa anapenda nini wala anaogopa nini. Kitu pekee chenye uhai ni sauti ya hicho kiko, sauti ya mwigizaji Michelle Mais, nzito, ya mwanamke anayejua anachokitaka. Kila akisema, filamu inaamka. Akinyamaza, inalala.

Watazamaji wake wamegawanyika. Wapo wanaosema filamu kama hii hutakiwi kuihukumu, unatakiwa uwe na stimu kwanza, na wenzako pembeni. Siwezi kukubali. Filamu inayosubiri ulewe ndipo uione tamu imekutupia wewe kazi yake. Wengine wanasema tuihurumie, pesa hazikuwepo. Na hili silikubali, na wewe unajua kwa nini. Nsyuka, ile filamu yetu ya kutisha ya Mussa Banzi, ilikuwa na pesa gani? Kamera ya video, vazi, na usiku. Wiki nzima ulilala na shuka kichwani na mlango wa chooni ulinifanya niushike mimi. Umasikini wa pesa mtazamaji anausamehe. Anachokataa ni kuona kwamba waliotengeneza hawakujali kama yeye yupo.

Aliyeniuma ni Tommy Chong. Yule mzee, mchekeshaji wa wavuta bangi tangu miaka ya 1970, mwaka 2003 mahakama ya Marekani ilimhukumu kifungo cha miezi tisa kwa sababu ya kampuni iliyokuwa ikiuza viko hivihivi. Akafungwa kweli. Miaka mitatu baada ya hukumu ile anatokea kwenye filamu hii kama mtu anayekuja kukiharibu kiko. Hebu fikiri, mzee aliyelala jela kwa ajili ya chombo anakutana na chombo hicho uso kwa uso, nacho kinasema! Mle ndani mlikuwa na filamu nzima. Wao wamemleta mwishomwisho tu. Niliposimamisha picha usoni pake nilimwonea huruma. Na wamezidi kuzitoa, ya pili 2009, ya tatu 2011, na nyingine tena na tena baada ya hapo.

Sasa nije kwetu.

Ilikuwa saa nne usiku. Mama yuko chumbani, eda siku ya pili, shangazi wamemzunguka. Mimi nimelala chini karibu na mlango, si usingizi, macho tu. Wanaume wako nje chini ya turubai. Kicheko kikatoka nyuma ya nyumba. Kicheko cha watu wengi, kikubwa, cha mtu anayejishika tumbo. Mama akainua kichwa akauliza, "Nani anacheka?" Hakuna aliyemjibu. Akauliza tena. Mimi nikainuka.

Ulikuwa umeweka laptopu juu ya kreti la soda, palepale Baba alipokuwa anaweka televisheni. Watoto wa Baba Mdogo watano kwenye benchi. Nilivuta lile pazia jeusi nikaifunga laptopu kwa nguvu mpaka bawaba ikalia. Nikasema, na nilisema kwa sauti ili turubai lote lisikie, "Baba amekata roho anauliza umefika wapi, na wewe umekuja hapa kucheka na wavuta bangi."

Nawe ukasema taratibu, hukunitazama, "Dada, wewe hujawahi kukaa naye humu ndani hata siku moja."

Hilo ndilo silisamehi. Nimejaribu. Unajua vizuri kwa nini sikukaa. Baba hakutaka mtoto wa kike akae gizani na wanaume, basi mimi nilikuwa mlangoni na kopo, kiingilio shilingi mia, Ijumaa mia mbili, miaka sita. Filamu zote za banda lile nazijua kwa masikio. Najua mahali benchi linapolia watu wanapoogopa. Najua sauti ya Lufufu, yule mtafsiri wa filamu, kwenye kanda kuliko sauti za wajomba zetu. Na zile pesa za kopo ndizo zilizokulipia ada. Alipoanza kuumwa, ni nani aliyemgeuza kitandani? Ni nani aliyekaa hospitali ya Bombo usiku kwenye kiti cha plastiki? Wewe ulikuwa Kariakoo unauza kava za simu, ukisema kesho, kesho kutwa. Mtu aliyefanya niliyoyafanya mimi haambiwi kwamba hakukaa.

Lakini nimeitazama filamu mara mbili, mdogo wangu, nikitafuta mlipochekea. Mara ya kwanza niliitazama kama hakimu. Mara ya pili niliifuata dakika kwa dakika, na daftari, kwa sababu usiku ule nilisikia vipande kupitia ukuta na nilijua mlikuwa wapi mliposhikwa na kicheko. Mpole ndio kwanza kahamia, wenzake wako kwenye kochi. Hapo hakuna cha kumchekesha mtu. Kabisa hakuna. Hata aliyelewa hawezi kucheka pale.

Ndipo nikajilazimisha kukumbuka vizuri. Kabla ya kicheko palikuwa na sauti inasema juu ya filamu. "Huyu kijana katoka Makorora, hajui mji, mwacheni aweke begi chini." Kisha ikasema, "Bibie wa kiko anamtazama, anamuuliza umekula?"

Baba alikuwa hivyo. Kanda isiyo na tafsiri aliitafsiri mwenyewe, Kiingereza hajui, kila mtu kwenye filamu akampa mtaa wake. Jambazi wa Chicago akawa mzee wa Chumbageni anayedaiwa kodi. Watu walikuwa wanalipa mara mbili kurudia filamu mbovu kwa sababu ya maneno yake.

Nitakuambia jambo ambalo Mama hajui, wala Baba Mdogo. Mimi sikuinuka kwa sababu ya kicheko. Wakati Mama anauliza nilikuwa nimeshakaa. Nilikuwa nimesikia sauti ya Baba nyuma ya ukuta, ileile, ile ya kukokota mwisho wa neno, na akili yangu ilikuwa bado haijazoea. Nilikwenda mbio. Nilipovuta pazia nikakuta ni wewe.

Usidhani nasema hukukosea. Hujafika kwa wakati, na tanga ni tanga, na Mama alisikia. Ungeniita. Ungesema, dada, njoo ukae, leo mlango hauna haja ya mtu. Ningekaa. Au pengine nisingekaa, ningesema nina vyombo. Lakini ungeniita.

Na neno langu la bangi limekwenda mbali kuliko nilivyolitupa. Baba Mdogo anawaambia watu umekimbilia Muscat kwa sababu ya bangi, kwamba dada yako mwenyewe alikufumania bandani. Nimelisikia msibani kwa jirani, nimelisikia sokoni Ngamiani. Wewe ambaye moshi wa udi tu unakukohoza. Mara ya kwanza nilinyamaza kwa sababu nilikuwa bado na hasira. Mara ya pili nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimenyamaza ile ya kwanza. Wiki iliyopita nilimwambia mbele ya watoto wake kwamba si kweli, kwamba ilikuwa filamu, na mbovu, na kwamba ulikuwa unawatafsiria wanawe kama Baba. Wale watoto wakainamisha vichwa. Mkubwa wao akasema, "Alisema tusimwambie mtu, ni siri ya banda."

Huko uliko kula vizuri. Usifanye kazi juani bila maji, na pesa usimpe mtu akutunzie. Huyo Charles Band naye ni mtoto wa mtu wa sinema, baba yake Albert Band alikuwa mwongozaji, na ndugu yake Richard mtunzi wa muziki wa filamu. Nilipoyajua hayo nilipunguza kumchukia.

Mama anataka banda livunjwe ajenge chumba cha mpangaji. Nimemwambia asubiri Idi. Kanda ziko kwenye sanduku la bati, nimezitia dawa ya nondo, vile vidonge vyeupe, wadudu wasizile. Deki inawaka ila haizungushi. Laptopu yako nimeipeleka kwa fundi, bawaba ameirudisha, elfu kumi na tano, hunidai na sikudai.

Mara zote mbili nilipofika kwa yule mzee Chong nilizima. Sehemu ya mwisho sijaiona, na sijui anasema nini.

Dada yako