Ukileta bangili iliyokatika, njoo na uzi wake

Shanga nyingi zinazoletwa dukani kutungwa upya hufika ndani ya bahasha au kwenye tishu, zimeokotwa moja moja sakafuni, safi kabisa. Uzi umeshatupwa. Mteja anaona kilichoharibika ni uzi, kwa hiyo hauna kazi tena. Kwa fundi ni kinyume: shanga za kioo au za mawe mara nyingi ziko salama, na uzi ule ndio unaoonyesha kilichotokea. Ulipokatikia, na jinsi ncha zake zilivyo, ndipo tunapojua sababu. Tukipewa shanga peke yake tutazitunga kama zilivyokuwa, pamoja na kosa lake, na baada ya miezi mitatu zitamwagika tena.

Ndiyo maana kabla hatujataja bei tunauliza kwanza: imekatikia wapi?

Bangili ya lastiki hukatikia karibu na fundo kuliko mahali pengine popote, na mara nyingi mkosaji ni gundi. Ile gundi kali ya madukani inayokauka kwa sekunde chache huigeuza lastiki kuwa ngumu kama kijiti. Lastiki iliyobaki inaendelea kuvutika kila unapoivaa, kipande kigumu hakivutiki, na mpakani mwa viwili hivyo ndipo panapochanika. Ukiona ncha nyeupe, ngumu, inayokwaruza kidole, ni hiyo gundi. Sisi tunatumia gundi ya vito inayobaki laini ikikauka, tone moja dogo juu ya fundo, kisha bangili inalazwa mpaka kesho yake kabla haijavaliwa. Mteja anayetaka kuondoka nayo saa hiyo hiyo hutukasirikia kidogo, lakini hapo hatulegezi.

Fundo lenyewe nalo lina namna yake. Fundo la kawaida huteleza kwenye lastiki, kwa sababu lastiki ikivutwa hupungua unene na fundo linapata nafasi ya kulegea. Tunapitisha ncha mara mbili badala ya mara moja kabla ya kukaza, halafu tunarudia vivyo hivyo upande wa pili. Ncha zinaachwa milimita 2 au 3, hazikatwi hadi kwenye fundo, kisha fundo linavutwa likajifiche ndani ya shanga yenye tundu pana. Kwa shanga za mawe za milimita 6 hadi 8 tunatumia lastiki ya milimita 0.8. Tundu likiwa dogo tunashuka hadi 0.5 na kupitisha uzi mara mbili.

Kabla ya kutunga, lastiki huvutwa kwanza. Tunakata kipande cha sentimita 30, tunakishika ncha zote mbili na kukivuta taratibu mara kadhaa. Huongezeka urefu kidogo na hakirudi tena. Hatua hii ikirukwa, lastiki itaongezeka ikiwa mkononi mwako, na baada ya wiki utaona uzi umechungulia kati ya shanga mbili. Nawe nyumbani, usiivute bangili upande mmoja ili kupitisha kiganja. Kusanya vidole pamoja na uivingirishe juu ya mkono, ili mvuto ugawanyike kwenye uzi wote.

Kuna sababu nyingine ya lastiki kukatika ambayo haina uhusiano na uzi wala fundo: kipimo. Mtu anapima mkono kwa futi ya fundi cherehani, anapata sentimita 16, anaagiza bangili ya sentimita 17 akidhani amejiachia nafasi. Kwa shanga ndogo za milimita 4 itabana kidogo tu. Kwa shanga za milimita 12 itambana mno. Urefu wa bangili unapita katikati ya shanga, ngozi yako inagusa ukingo wake wa ndani, na unene wa shanga umekula nafasi ya katikati. Hesabu yake ni rahisi: zidisha unene wa shanga kwa 3.14, na hicho ndicho kinachopotea. Shanga ya milimita 12 inakula karibu sentimita 3.8. Ile bangili ya sentimita 17 itabaki na sentimita 13.2 za ndani, kwenye mkono wa 16. Lastiki imevutika tangu asubuhi hadi jioni, na hapo hata fundo zuri namna gani halifui dafu.

Kwa hiyo kwa mkono huo wa sentimita 16, shanga za milimita 12 tunaweka 17, urefu wa sentimita 20.4. Shanga za milimita 8 tunaweka 24, sentimita 19.2. Za milimita 4 zinatosha 45, yaani sentimita 18. Ukituma oda kwa simu, andika kipimo cha mkono wenyewe, futi ikiwa imegusa ngozi bila kubana, na usiongeze chochote. Kuongeza tuachie sisi. Wateja wakiongeza na sisi tukaongeza, bangili inaanguka chooni.

Uzi uliokatika katikati, mbali na fundo na mbali na kulabu, una kisa kingine. Uangalie kwenye mwanga. Kama ncha imeota manyoya, umesuguliwa polepole na kitu chenye makali, na kitu hicho ni shanga yenyewe. Zile shanga ndefu kama vijiti ndizo mbaya zaidi, maana hukatwa kutoka kwenye mrija wa kioo na ncha zake hubaki na makali. Dawa yake ni kuweka shanga ndogo ya mviringo kila upande wa kijiti, ili uzi upinde juu ya kitu laini. Watu wanazidhani ni pambo. Ni pambo, lakini kazi yake ya kwanza ni hiyo.

Shanga za mawe zina tatizo lililojificha. Tundu hutobolewa nusu kutoka upande huu na nusu kutoka upande ule, na pale matundu mawili yanapokutana mara nyingi hubaki kidato kidogo. Huwezi kukiona, ila ukipitisha sindano utahisi imekwama kidogo halafu ikapita. Tunasugua tundu kwa tupa nyembamba yenye chembe za almasi, shanga ikiwa ndani ya bakuli la maji, kwa sababu bila maji jiwe hupata moto likapasuka na vumbi lake si la kuvuta. Kazi hii inatozwa kwa kila shanga. Mkufu wa shanga 50 zenye tundu bovu unaweza kuchukua muda mrefu kusugua kuliko kutunga, na tunamwambia mteja mapema.

Mikufu mizito tunaitunga kwa waya laini wa chuma uliosukwa kwa nyuzi nyembamba na kufunikwa nailoni. Upo wa nyuzi 7, wa 19 na wa 49. Wa nyuzi 7 ni wa bei nafuu na ni mgumu. Ukijikunja mara moja, kunjo haliondoki. Wa 49 unalala shingoni karibu kama uzi. Waya wa aina hii ukikatika, huwa ni karibu na kulabu, na chanzo mara nyingi ni mkono wa fundi aliyevuta sana. Shanga zikibanana bila nafasi, kila unapogeuza shingo waya unapindia mahali pale pale, kwenye ukingo wa kile kishanga cha chuma kinachobanwa kwa plaizi. Chukua waya wowote, upinde huku na huku mahali pamoja, utaona unavyokatika. Tunaacha nafasi ya milimita 1 hadi 2: ukiushika mkufu wima, shanga zinashuka kidogo na waya unaonekana juu. Wateja hudhani imelegea. Ndivyo inavyotakiwa iwe.

Makola ya Kimaasai, yale mapana yanayolala mabegani, yanaugua ugonjwa huo huo. Shanga zimepangwa kwenye waya, na mistari imeshikwa kwa vipande vya ngozi au plastiki ngumu. Ukilikunja ili liingie kwenye begi, waya unapinda pembeni mwa kipande hicho. Mara ya kwanza haukatiki. Likisafirishwa, lilazwe bapa kati ya makatoni mawili. Likikatika mstari mmoja wa katikati, tunaweza kuubadilisha bila kulifumua lote, mradi hujaanza kuufunga mwenyewe kwa uzi.

Kisha kuna tungo ambazo hazikukatika kabisa, zimefunguka. Hizi ni za mshipi wa kuvulia samaki, ule wa nailoni unaong'aa kama kioo. Watunga shanga wengi wanaupenda kwa sababu hauhitaji sindano na unapatikana kila mahali. Ila unateleza, na jua huufanya mkavu. Angalia ncha yake: kama imejisokota kama springi ya kalamu, fundo limeteleza hadi likatoka lenyewe. Mvuvi yeyote akiiona atakuambia hivyo hivyo. Badala yake tunatumia uzi wa nailoni wa kusokotwa uliopakwa nta, ambao fundo lake linashika, au ule uzi wa kisasa wa kuvulia ambao umesukwa.

Utunda tunauzungumzia peke yake, kwa kuwa shanga za kiunoni hazivuliwi. Zinaoga nawe, zinalala nawe, zinapakwa mafuta na jasho. Uzi wa pamba hapo huoza kabla ya mwaka, na kabla ya kuoza hulegea. Tunatunga kwa uzi wa nailoni wa kusokotwa, uliopitishwa mara mbili. Kipimo kipimwe pale hasa unapotaka ukae, juu ya nyonga au chini ya kitovu, na kipimwe umeketi. Kiuno kikikaa hupanuka kwa sentimita kadhaa, na utunda uliopimwa umesimama utakukata ukiwa kwenye daladala.

Bei ya utunda nayo huwashangaza watu, maana shanga ni ndogo. Hesabu ni hii. Shanga za kioo huuzwa kwa namba, na namba ikipanda shanga inapungua: namba 6 ni kama milimita 4, namba 8 kama milimita 3, namba 11 ni milimita 2 na kidogo. Za namba 11 zinaingia karibu 18 katika kila inchi. Utunda mmoja wa inchi 36 unakula karibu shanga 650. Ukitaka tano zenye mchoro wa rangi, ni zaidi ya shanga 3,200 zinazohesabiwa, na moja ikikosewa mchoro wote unahama. Ukitaka kupunguza gharama, chagua rangi moja, au shuka hadi namba 8, shanga kubwa kidogo. Usipunguze ubora wa shanga.

Hapo kwenye ubora, jambo moja tu. Kabla ya kutunga upya tunachukua shanga mbili tatu za kila rangi na kuziloweka kwenye asetoni, ile ya kufutia rangi ya kucha, mpaka asubuhi, kisha tunazisugua kwenye pamba nyeupe. Kioo kilichotiwa rangi tangu kikiwa tanuruni, kama kile cha viwanda vya Jablonec nad Nisou huko Jamhuri ya Czech zinakotoka shanga nyingi za makola, hakiachi alama. Shanga iliyopakwa rangi juu, hasa za dhahabu na fedha na baadhi ya zambarau, itaiacha rangi yote kwenye pamba. Jasho na manukato yatafanya vivyo hivyo, polepole zaidi. Tutakuonyesha pamba yenyewe, na wewe utaamua kama ziingie kwenye uzi mpya au zibadilishwe. Kwenye hereni zinakaa muda mrefu, kwa sababu hazisuguani na ngozi. Kwenye utunda hatukushauri kabisa.

Kuna kazi moja tunayoirudisha: bangili na vichanio vya magamba ya ng'amba, hata vile vya bibi. Kasa huyo analindwa, biashara ya magamba yake kati ya nchi na nchi imepigwa marufuku na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na hatuyagusi hata kwa kuyasafisha.

Sasa basi, ikikukatikia. Usivute kilichobaki. Bana ncha zote mbili kwa selotepu papo hapo, shanga zikiwa bado kwenye uzi, hata kama zimebaki sita. Hizo sita zinatuonyesha mpangilio. Zilizomwagika, zitafute kwa kufagia kwa ufagio laini, au funga soksi ya nailoni mdomoni mwa mashine ya kufyonzea vumbi kama unayo. Lete picha ya mkufu kama kuna ya zamani ulipouvaa, hata kama ni ya harusini na unaonekana kwa mbali. Weka kila kitu kwenye mfuko mmoja wa plastiki wenye kufungika, pamoja na kulabu, vipete na kile kipande cha uzi kilichokatika, na uandike juu yake kipimo cha mkono, shingo au kiuno.