Barua kwa Mwanangu Anayekwenda Kusailiwa Dodoma

Ujiji, Kigoma

Mwanangu mpendwa,

Assalaam aleikum. Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo. Goti la bibi yako linamsumbua, ulimi wake mzima. Habari tumezipata kwamba mchujo wa kuandika umeupita na sasa umeitwa kwenye mahojiano ya Afisa Uvuvi Daraja la Pili. Baba yako mdogo alilisoma tangazo lote kwa sauti pale kibarazani, kwa hiyo mtaa mzima unajua kuwa kila msailiwa atajigharamia chakula, usafiri na malazi. Majirani wamekupa hongera na pole kwa pamoja.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu unaniitikia "sawa mama, sawa mama," halafu unafanya lako.

Tuanze na vyeti. Wanataka vyeti halisi, tangu cha kuzaliwa mpaka cha chuo. Hati ya matokeo hawaipokei, wala usiwapelekee kivuli ukawaambia chenyewe kiko Kigoma kwa mama. Halafu kuna lile jambo la jina la baba yako. Cheti cha kuzaliwa kinasema wewe ni mtoto wa Ramadhani, cha kidato cha nne kinasema wewe ni mtoto wa Ramazani. Hapa Ujiji huyo ni mtu mmoja na wanaomdai wanamjua. Dodoma watakuwa wanaume wawili, na atakayevunjiwa heshima ni mimi. Nenda kwa wakili upate hati ya kisheria ya majina kabla hujapanda gari. Baba yako mdogo anasema ukifika utawaeleza tu kwa mdomo. Usimsikilize.

Amenipigia pia bwana mmoja, anasema yuko "ndani" na kwa laki mbili jina lako litakaa vizuri. Nikamuuliza hilo jina ni lipi, akakata simu, akapiga tena kuuliza kama anaweza kupokea laki moja. Nikamwambia pesa sina ila dagaa ninao, aje mwaloni na gunia lake. Mpaka leo hajafika. Akikutafuta wewe, namba hiyo ifungie. Kazi za serikali haziuzwi, na hata zingeuzwa, asingetumwa muuzaji wa namna ile.

Shangazi yako naye ameleta kichupa cha mafuta ya kupendwa, eti ujipake usoni kabla ya kuingia. Nimekifungua. Baba mwanangu, hakuna jopo litakalokupenda likiwa linapiga chafya. Kiko kabatini kwangu, naye nimemwambia umekipokea na umeshukuru sana.

Ukifika Dodoma, fika siku moja kabla. Ule upepo wa kule unajua unavyochezea vumbi, basi beba kitambaa ufute viatu mlangoni, si gesti. Ukiingia, amkia. Lakini amkia "shikamooni," basi. Sisi huku kwetu tunaanza na usiku, tunakwenda kwenye watoto, tunarudi kwenye mvua na bei ya mawese. Wale wa jopo wana foleni ndefu nyuma yako. Usikae mpaka wakuambie kaa.

Watakuambia ujieleze. Hapa ndipo ninapokuogopea. Uliporudi likizo tukakuwekea jopo kibarazani, bibi yako mwenyekiti, ulianza kuzaliwa, ukapita shule ya msingi, ukaugua surua, na chai ilikuwa imekwisha kabla hujafika sekondari. Kuzaliwa kwako wanakujua, cheti wanacho mezani. Wewe ni mwenyeji wa Ujiji, na usaili mfupi kuliko wote duniani ulifanyikia hapa hapa kwetu. Mwaka 1871 mwandishi Stanley alitoka mbali kote huko, ametumwa na gazeti la New York Herald kumtafuta Livingstone, akamwona mzungu mwenzake, akauliza kama huyo ndiye Dk. Livingstone. Kwa jinsi Stanley mwenyewe alivyosimulia, mzee alitabasamu, akainua kofia kidogo, akajibu "Ndiyo." Hakuanza na kuzaliwa kwake Scotland mwaka 1813. Na hakuna aliyemwona mjinga. Mnara wake si ule pale, watu wanalipa kiingilio kuuona? Sema umesomea nini, umefanya nini, na nini katika hayo kinaihusu kazi hii. Kisha nyamaza.

Udhaifu wako? Najua mmeshafundishana huko chuoni kwamba mtu ajibu "udhaifu wangu ni kufanya kazi kupita kiasi." Wewe? Mimi nilikuzaa. Nakwambia hivi kwa sababu hata mimi ni msaili, ingawa jopo langu liko kwenye vichanja vya dagaa. Vijana wanakuja kuomba kibarua cha kuanika na kuanua, nami nawauliza, "Wewe shida yako nini?" Anayejibu "Mama, mimi sichoki" nimeshamjua; saa sita mchana namkuta kivulini mwa mtumbwi, mdomo wazi. Alikuja mmoja akasema jua la mchana linampa kichwa, lakini alfajiri kabla hujamwita utamkuta. Nikampa alfajiri. Ndiye ninayemwachia ufunguo wa stoo. Basi taja udhaifu wa kweli, mdogo kiasi, na useme unaufanyaje. Ule wa kutoamka usiutaje. Huo tuutibu nyumbani.

Wakikuuliza kwa nini unaitaka kazi hii, usiseme ni kwa sababu umekaa muda mrefu bila kazi. Ni kweli, na sufuria zangu ni mashahidi, lakini huko ni kujibu kwa nini unataka kazi yoyote. Wao wameuliza hii.

Sasa maswali ya samaki. Hapa, mwanangu, nasema kwa uchungu. Kwenye jopo letu nilikuuliza kwa nini mitumbwi ya dagaa haitoki mbalamwezi ikiwa kubwa. Ukajibu kwa Kiingereza kirefu, mwangaza hivi, mwitikio vile, mpaka baba yako, ambaye usiku ule alikuwa amebaki nyumbani kwa sababu hiyo hiyo, akainuka akaenda kutafuta kofia yake. Wewe umekulia kwenye taa za ziwani! Unajua kwamba wakati wa giza taa ndiyo inayokusanya vidudu vya majini na dagaa wakafuata, na kwamba mwezi ukijaa ziwa zima lina mwanga, taa inakosa kazi. Unajua dagaa wakipatikana mgebuka hayuko mbali, maana ndicho chakula chake. Unamjua lumbu, yule dagaa mwingine, kwa kumtazama tu. Yule wa jirani yako kwenye foleni amelikariri Ziwa Tanganyika kwenye karatasi, kina mita 1,470, nchi nne, basi. Nawe yakariri hayo, hayana uzito. Ila swali likigusa uvuvi wenyewe, jibu kwanza kama mtoto wa mvuvi, halafu ndipo ulitie lile neno la chuo, moja, ili wajue ada haikupotea.

Kwenye sheria, ubunifu weka pembeni. Sheria ya Uvuvi ni ya mwaka 2003, kanuni zake za mwaka 2009. Hapo jibu kama ilivyoandikwa.

Na lipo swali ambalo mimi ningekuwa jopo nisingeliacha: utafanya nini ukimkuta ndugu yako anavua kwa kokoro? Usianze kusema inategemea ni ndugu wa upande gani. Kokoro, ule wavu wa kukokota, ni zana haramu, utalikamata na utafuata sheria, ndugu au si ndugu. Baba yako mdogo amekuja kusoma sentensi hiyo juu ya bega langu, amekohoa, sasa amekwenda kukaa nje.

Mshahara usijadiliane nao. Ngazi imeandikwa kwenye tangazo. Umelelewa mwaloni, najua ulimi utakuwasha kusema "ongeza kidogo, mzee," lakini uumeze. Mwishoni wakikuuliza kama una swali, usiulize likizo inaanza lini. Uliza afisa mpya anaanzia kazi gani, usikilize jibu, ushukuru, utoke. Na ukitoka usisimame mlangoni kuwasimulia wenzio ulivyojibu. Wengine hawajaingia, tena wana masikio.

Koti la suti la baba yako mdogo nakuletea kwa basi la kesho, limefungwa kwenye mfuko mweusi pamoja na dagaa. Dagaa nimewafunga mara tatu, lakini ukipokea tu, watenganishe. Koti ni pana mabegani, ukigeuka lenyewe linageuka baadaye, kwa hiyo jigeuze polepole. Analitaka lirudi kabla ya mwisho wa mwezi, kuna harusi Mwanga.

Baada ya ile habari ya kokoro alitaka kulizuia kabisa. Akaniuliza, ukipata hiyo kazi utapangiwa wapi. Nikamwambia serikali inampanga mtu popote, huenda hata Ziwa Nyasa. Amelipiga pasi mwenyewe.

Ni mimi mama yako