Barua kwa mwanangu anayekwenda Berlin

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Songea. Hatujambo, kifua cha baba yako kimepungua. Safari yako ya kwenda kusaidia kutambua mafuvu ya watu wetu yaliyobebwa na Wajerumani enzi za ukoloni tumeshaikubali na sirudi tena huko. Ninalorudia ni lile nililokuambia kwenye simu ukanyamaza: usitie sahihi yako chini ya jina la marehemu yeyote mpaka ushahidi uwe umetimia. Wakuharakishe Wajerumani, tukuharakishe sisi, usitie.

Nimesema sisi kwa sababu ya neno ulilowapa wazee kwenye kikao, kwamba utamrudisha Nduna Songea Mbano, kiongozi wetu wa Wangoni aliyenyongwa na Wajerumani wakati wa Vita vya Maji Maji. Hukupaswa kulisema. Rais Steinmeier wa Ujerumani alipokuja hapa Novemba 1, 2023, akaomba msamaha na kusema anaona aibu, aliahidi kwamba fuvu la Songea Mbano litatafutwa, ila hakuahidi kwamba litapatikana. Mkuu wa nchi aliyachunga maneno yake, wewe ukayamwaga. Sasa wazee wanahesabu miezi, na wapo wanaosema fuvu lolote litatosha mradi limetoka kule. Halitatosha. Likishuka fuvu lisilo lake, Ujerumani itafunga jalada, sisi tutazika, na mwenyewe atabaki kwenye sanduku hukohuko bila mtu wa kumwulizia.

Mfano tunao. Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ikabidhi fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, kwa Waingereza ndani ya miezi sita. Likarudi 1954. Gavana Twining wa Tanganyika alikwenda Bremen, kwenye makumbusho yenye mafuvu kama 2,000. Yakachambuliwa yaliyotoka Afrika Mashariki, yakapimwa urefu na upana, yakalinganishwa na vichwa vya jamaa zake walio hai, likachukuliwa moja lenye tundu la risasi. Wahehe wanaliheshimu pale Kalenga na sina neno na heshima yao. Lakini kipimo kile ndicho mafuvu yetu yalikusanywa kwa ajili yake, kuwagawa watu kwa maumbo ya vichwa. Usikubali kitumike tena, hata ukiambiwa ni cha kuanzia tu.

Anza na daftari lao la mafuvu, si na sanduku. Mkusanyo wa Felix von Luschan, mtaalamu wa Berlin aliyekusanya mafuvu, ulihama kutoka hospitali ya Charité mwaka 2011 ukaenda chini ya Taasisi ya Urithi wa Utamaduni ya Prussia, mafuvu kama 7,700. Yaliyotoka huku Afrika Mashariki walichunguza 1,135: wakaona 904 ni ya Rwanda, 202 ya Tanzania, 22 ya Kenya, machache hayakujulikana. Ukitafuta Songea kama tunavyoiandika sisi hutaipata. Wao waliandika Ssongea, kwa s mbili. Wachagga ni Dschagga, Mwanza ni Muansa, Tukuyu ni Neu-Langenburg, Manda ya ziwani ni Wiedhafen. Barua za maofisa ziko kwa mwandiko wao wa zamani, ambao e inafanana sana na n, na u hutambulika kwa kialama kidogo juu yake. Majina yanaharibikia hapo: mmoja alinakili vibaya, waliokuja nyuma wakamfuata. Tafuta barua ya kwanza, ya yule aliyetuma, kisha utazame tarehe. Fuvu lililoandikishwa kabla ya 1906 haliwezi kuwa la mtu aliyenyongwa hapa mwaka 1906. Ni jambo dogo, lakini mwenye haraka hulipita.

Vinasaba vinafuata baadaye. Mfupa unaotunza vizuri ni ule mgumu unaozunguka sikio la ndani, ukikosekana ni mzizi wa jino. Kutoboa ni kuharibu, kwa hiyo pasitobolewe kitu kabla ukoo haujaridhia kwa maandishi na sampuli za mate za jamaa hazijafika maabara. Vichwa vingi vilichemshwa ili nyama itoke kabla ya kupakiwa melini, na joto huvunja vinasaba. Maabara ikisema haikupata kitu, haijasema kwamba si yeye. Vaa glavu na barakoa kila mara, jasho na mate yako yasichanganyike na ya marehemu, na kwa afya yako pia, maana vitu vya zamani kwenye makumbusho za Ulaya vilipakwa dawa za wadudu, arseniki ikiwemo. Wewe ni mzembe wa glavu, hata vitunguu saumu unamenya kisha unajifikicha macho.

Sasa jamaa. Mtoto hubeba nusu ya mzazi, mjukuu robo, kitukuu thumni, kilembwe nusu ya thumni. Kwa aliyekufa 1906 tumebaki na vitukuu na vilembwe, kwa hiyo ulinganisho wa jumla ni dhaifu. Utategemea mstari wa kiume: mwana wa mwana wa mwana, asiingie binti hata mmoja katikati, kwani kromosomu Y, ambayo baba humpa mwana wa kiume tu, hukatika kwa binti. Kwa vinasaba vya upande wa mama, watoto wa Nduna mwenyewe hawakufai, mwanamume hapitishi; tafuta uzao wa dada zake kupitia mabinti. Wazee watakuletea yule wanayemheshimu zaidi, naye huenda ametokea kwa binti. Mkatalie kwa adabu, umweleze. Na hata Y ikilingana, imesema huyu ni wa ukoo huo, haijasema ni Songea. Kaka yake angelingana vilevile. Hapo ndipo ninapokuogopea, maana hapo ndipo watu watapiga vigelegele na kalamu utakuwa nayo wewe.

Uchunguzi wa vinasaba uliotangazwa Berlin 2023 ulikwenda sawa. Walichukua mafuvu manane yenye maandishi ya kutosha, wakatafuta jamaa Tanzania, moja likalingana kabisa na mzao wa akida wa Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa Moshi. Fuvu la Mangi Meli mwenyewe, aliyenyongwa Moshi Machi 2, 1900, halikuwemo, na walisema hivyo bila kuficha. Nawe useme hivyo ikibidi, hata mbele ya wazee wetu.

Wasikufanye risiti, mwanangu. Vita vya Maji Maji viliua watu wanaokadiriwa 200,000 hadi 300,000, wengi wao kwa njaa, na njaa ile ilipangwa: Kapteni Wangenheim alimwandikia Gavana von Götzen kwamba njaa pekee ndiyo itakayowanyenyekeza watu, maghala na mashamba yakachomwa. Msamaha wa 2023 haukutaja fidia. Namibia mwaka 2021 waliahidiwa na Ujerumani euro bilioni 1.1 kwa miaka 30 kwa mauaji ya enzi za ukoloni, na Waherero na Wanama wengi wakalalamika kwamba hawakuwa mezani. Fuvu likirudi limerudi fuvu. Deni la njaa halijaguswa. Watakupeleka pia makumbusho kumwona mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria, aliyechimbwa 1909 hadi 1913, mifupa ikabebwa vichwani mwendo wa siku nne hadi Lindi, na watu walioponea njaa hiyohiyo. Mtazame, ni fahari. Uliza pia wabebaji wameandikwa wapi.

Kijerumani ulijisomea usiku wakati sisi tunakusukuma kwenye uhasibu. Leo baba yako hakuna mgeni asiyemwonyesha barua yako ya kukubaliwa, ameiwekea plastiki.

Mahindi yamekauka vizuri, tutauza nusu tu mpaka bei ipande, kwa hiyo pesa ya koti nitakutumia wiki ijayo. Usinunue Dar, mtumba wa hapa sokoni ni mzito zaidi. Mdogo wako anadai umeondoka na chaja yake. Cheti chako cha kuzaliwa kiko kwa shangazi yako Makambako, shuka ukichukue basi likisimama, na utoe nakala mbili. Na wazee nenda kawaage kabla ya Jumamosi, uwaambie kwa kinywa chako kwamba unakwenda kutafuta, hukuahidi kupata.

Mama yako