Mchora animesheni wa studio ni mwajiriwa, si deiwaka

Ndugu Mhariri,

Ikifika Mei, studio za animesheni za hapa Dodoma huanza kukesha. Mwaka wa fedha wa Serikali unafungwa Juni 30, na taasisi iliyobakiwa na fungu la uhamasishaji inataka video ya dakika moja kuhusu chanjo, kodi au vyanzo vya maji kabla mwezi haujaisha. Watu hawajavuta pumzi, Nane Nane ya Nzuguni nayo inabisha hodi. Baada ya hapo kazi hukauka, na vijana waliokesha huambiwa "tutakupigia". Wengi hawana hata karatasi moja yenye saini. Kwenye hesabu za studio wameandikwa watoa huduma huru. Wenyewe kwa wenyewe tunaitana madeiwaka, yaani vibarua wa kutwa.

Jina hilo halina nguvu kisheria. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 kinasema mtu atachukuliwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, likiwepo jambo moja au zaidi kati ya haya: anaelekezwa namna ya kufanya kazi, anapangiwa saa, ni sehemu ya taasisi ile, amemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, anamtegemea kwa kipato, anapewa vitendea kazi, au hana mwingine anayemfanyia kazi. Sasa mtazame kijana anayeripoti saa mbili asubuhi, anakalia kompyuta ya studio, anachora kwa tabuleti ya studio na kugawiwa shoti, yaani vipande vya video vya kuchora, na msimamizi. Hizo saa 45 za mwezi, yeye huzimaliza wiki ya kwanza.

Walio nje ya fani hudhani dakika moja ni kitu kidogo. Kwa televisheni zetu sekunde moja ina fremu 25, yaani picha tuli 25, kwa hiyo dakika moja ni fremu 1,500. Kompyuta ikitumia dakika tano kurenda, yaani kukokotoa na kutoa picha ya mwisho ya fremu moja ya 3D isiyo na taa nyingi wala manyoya, zinahitajika saa 125 za mfululizo kwenye mashine moja. Ni siku tano na ushee, na hapo hakuna aliyekosea kitu. Umeme ukikatika wakati mashine inaandika faili moja la video, faili huharibika na kazi huanza upya. Ndiyo maana mwenye uzoefu hurenda picha mojamoja za PNG au EXR: umeme ukirudi anaendelea pale ilipoishia. UPS ya kawaida, ile betri ya akiba, haibebi kompyuta yenye kadi kubwa ya picha usiku kucha. Inakupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima. Na Novemba, kwenye chumba cha bati kisicho na dari, mashine hupunguza kasi yenyewe kwa joto, au hujizima.

Kwa hiyo lazima mtu alale studio kuilinda. Asubuhi anaambiwa hakufanya kazi, alikuwa anaangalia kompyuta tu. Hapana. Kukaa pale kwa amri ya bosi ni kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka ukomo wa kawaida wa saa tisa kwa siku na 45 kwa wiki. Ukijumlisha saa za ziada, siku haipaswi kuzidi saa 12, na saa za ziada zenyewe hazipaswi kuzidi 50 katika wiki nne. Kila saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu, na ya kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi huongezewa angalau asilimia tano. Anayelipwa shilingi 600,000 kwa mwezi agawanye kwa 4.333, kisha kwa 45: saa yake ni kama shilingi 3,077, na ya ziada kama 4,616. Saa 50 za Juni ni zaidi ya shilingi 230,000 ambazo hulipwa kwa chipsi na soda.

Si kila mwenye studio ni mnyonyaji. Mteja mwingi hulipa mara moja tu, kazi ikishapokelewa, na hapo katikati hubadili mawazo bure. Kubadili tukio kwenye stori-bodi, ile michoro ya awali ya mpangilio wa matukio, ni suala la nusu saa. Kubadili neno moja la mhusika wakati wahusika wameshachorwa ni kurekodi sauti upya, kulinganisha midomo upya na kurenda upya. Mkataba uandike kwamba stori-bodi, sauti na mchoro wa majaribio vinasainiwa kila kimoja kwa zamu, marekebisho ni mara mbili kwa kila hatua, na la tatu lina bei yake. Nembo na maandishi yakae kwenye tabaka lake, maana hayo ndiyo hubadilishwa dakika za mwisho. Malipo nayo yafuate hatua, kama mkandarasi wa jengo anavyolipwa kwa hati: asilimia 30 mkataba ukisainiwa, 30 mchoro wa majaribio ukikubaliwa, 30 picha zikikamilika, 10 wakati wa kukabidhi. Studio iliyolipwa hivyo haina kisingizio cha kumwambia mchoraji asubiri.

Kazi zikipungua kweli, kuna utaratibu. Kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinamtaka mwajiri atoe taarifa ya kusudio la kupunguza watu, aeleze sababu na kushauriana nao namna ya kuepuka au kuchagua. Anayelipwa kwa mwezi hupewa notisi ya siku 28. Aliyefikisha mwaka, akipunguzwa, ana kiinua mgongo cha angalau mshahara wa siku saba kwa kila mwaka, hadi miaka kumi. Ulinzi dhidi ya kuachishwa isivyo halali haumhusu aliye chini ya miezi sita, ila miezi hiyo huhesabiwa kwa mwajiri yuleyule hata kama mikataba ilikuwa mingi. Ule ujanja wa mikataba ya miezi mitatu mitatu, basi, haufui dafu. Malalamiko ya kuachishwa yapelekwe Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, kwa fomu namba moja ya Tume. Kusanya ushahidi mapema: jumbe za maelekezo kwenye WhatsApp, jumbe za malipo ya simu, orodha ya shoti ulizochora na tarehe zake.

Tusidhani ni udogo wetu. Disney iliifunga Blue Sky Studios Aprili 2021 na watu wapatao 450 wakaguswa. Pixar ilipunguza takriban asilimia 14 ya wafanyakazi wake Mei 2024. Tofauti ni kwamba Los Angeles kuna chama, The Animation Guild, tangu 1952, na viwango vya chini vya malipo hujadiliwa mezani. Hapa sheria inahitaji wafanyakazi 20 tu kuanzisha chama, na haisemi watoke studio moja. Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kinafundisha shahada ya teknolojia ya midia anuwai na animesheni, kwa hiyo watu wapo. Wapo kiasi kwamba anayedai haki yake huonyeshwa mlango na anayemaliza chuo huwekwa kwenye kiti chake kesho yake.

Taasisi za umma zinazotangaza zabuni za video kupitia NeST, mfumo wa mtandaoni wa ununuzi wa umma, zinaweza kuanza na sharti moja: studio iambatishe majina ya watakaochora, mikataba yao, na uthibitisho kwamba michango yao ya NSSF inalipwa.

Wachora animesheni,
Dodoma