Wikiendi ya mbio za Disney: vibanda vya chakula vingoje hadi umalize

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yenu ya barua kwa ajili ya wasomaji wanaojiandaa kwenda Florida kukimbia mbio za Walt Disney World, hasa wikiendi ya Wine & Dine, ambayo huangukia wakati wa tamasha la kimataifa la chakula na mvinyo katika bustani ya Epcot. Viatu vyao wamevichagua miezi mitatu kabla, lakini tumbo wameliachia bahati nasibu. Na ushauri unaozunguka ni ule ule: kula utakavyo, kesho utaunguza yote barabarani.

Hesabu inaukataa. Kukimbia hutumia takriban kilokalori 1 kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita. Mtu wa kilo 60 akimaliza nusu marathoni ya kilomita 21.1 ametumia kama kilokalori 1,270, na sahani chache za jibini, siagi na vitu vya kukaanga, pamoja na glasi mbili za kinywaji, hulipa deni hilo lote hata jua halijazama. Lakini kalori si tatizo kubwa. Tatizo ni saa. Mbio huanza saa 11 alfajiri, na tumbo lililojaa mafuta jioni halijamaliza kazi yake muda huo.

Wasiozijua mbio hizi wajue zinavyopangwa. Katika wikiendi ya Wine & Dine, Ijumaa ni kilomita 5, Jumamosi kilomita 10, Jumapili nusu marathoni. Anayejiandikisha kwa Two Course Challenge hukimbia Jumamosi na Jumapili, jumla kilomita 31. Zilipoanzishwa mwaka 2010, nusu marathoni ilikuwa ya usiku: watu walimaliza wakaingia moja kwa moja kwenye sherehe na vibanda vya chakula. Tangu 2016 imehamishiwa alfajiri, ila akili za wengi bado ziko kwenye ratiba ile ya zamani. Wanakula kwanza, wanakimbia baadaye. Wanaokwenda Januari kwenye wikiendi ya marathoni, au Februari kwenye mbio za Princess, nao hukimbia alfajiri, kwa hiyo haya yanawahusu pia, ingawa vibanda vya tamasha hili hawatavikuta.

Tuanze na siku mbili za mwisho. Kinachotakiwa ni wanga, kwa sababu ndio unaojaza glaikojeni, yaani akiba ya sukari, kwenye misuli. Mshindani anayetafuta muda wake bora hula gramu 10 hadi 12 za wanga kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kwa anayekimbia kwa furaha na kusimama kupiga picha na Mickey, gramu 7 au 8 zinatosha kabisa. Mtu wa kilo 60 atahitaji kama gramu 470 kwa siku. Inasikika nyingi, lakini hufikika hivi: vikombe vitatu vya wali mweupe, gramu 135, vikombe viwili vya tambi zilizochemshwa, 85, vipande sita vya mkate mweupe, 90, ndizi mbivu tatu, 80, nusu lita ya maji ya matunda, 50, na vijiko viwili vikubwa vya asali au jamu, 30. Protini kidogo, mafuta kidogo, na nyuzinyuzi zipunguzwe: maharage, kabichi, saladi kubwa na mkate wa nafaka nzima vitasubiri hadi Jumapili mchana. Uzito ukipanda kilo moja, usishtuke. Kila gramu ya glaikojeni huhifadhiwa pamoja na kama gramu 3 za maji.

Sasa uitazame menyu ya bustani kwa jicho hilo. Supu ya jibini aina ya cheddar ya banda la Kanada, moja ya mabanda ya nchi yaliyomo Epcot, ndiyo kipimo kizuri. Ni nzito, tamu kweli, huja na mkate laini wa chumvi wa kuchovya, na foleni yake haikauki. Ndani yake kuna jibini, maziwa, siagi, bia na nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi. Mafuta hupunguza kasi ya tumbo kumwaga chakula kwenda kwenye utumbo, na sukari ya maziwa huwasumbua watu wazima wengi hata wakiwa wamelala kitandani, seuze wakiruka-ruka kwa saa tatu. Ukiila Jumamosi jioni, kilomita ya 9 utakuwa unatafuta choo cha kuhamishika, na kila choo kina watu kumi mbele yako. Ukiila Jumapili mchana, hakuna atakayekulaumu. Waislamu na wote wanaoepuka nguruwe au pombe wasiishie kwenye jina la chakula: bia na mvinyo huingia kwenye michuzi na supu bila kuonekana. Wahudumu wa Disney wamezoea kuulizwa viungo na wana menyu maalumu za wenye mzio, basi uliza bila haya.

Kuna mlo mmoja ambao ningemruhusu mkimbiaji siku ya kabla ya mbio, akiuchambua. Ni mikate ya mgahawa wa Sanaa, ulioko Kidani Village katika hoteli ya Animal Kingdom Lodge. Huletwa naan na mikate mingine ya asili ya Kihindi pamoja na vibakuli vya achari na vichovyo. Mikate ndiyo unayoifuata. Vichovyo vya pilipili na vya mafuta vionje kwa ncha ya kijiko, au waachie unaokula nao. Agiza na wali. Uwe umemaliza kabla ya saa 12 jioni, kwani siku hiyo kitanda kinakuita saa 2 usiku. Boma, iliyo hoteli hiyo hiyo upande wa Jambo House, ni habari nyingine. Ni bafe, na bafe usiku wa kuamkia mbio ni mtego: mtu amelipia, hivyo anaona ni dhambi kuacha. Boma haina mlo wa mchana. Weka nafasi ya Jumapili jioni, ukawe huru na sahani yako.

Nafasi za migahawa ya kukaa mezani hufunguliwa siku 60 kabla, na wikiendi za mbio huisha mapema, hasa zile za jioni ya mapema ambazo kila mkimbiaji anazitaka. Ukibadili mawazo, futa angalau saa mbili kabla, la sivyo utakatwa hadi dola 10 kwa kila mtu aliyeandikwa. Bei za menyu hazina kodi ndani yake. Ongeza asilimia 6.5 kwa bustani hizi, na bakshishi ya asilimia 18 hadi 20 kwenye migahawa yenye wahudumu.

Usiku wa mbio wenyewe ndio unaowashinda wengi. Basi za kutoka hotelini huanza kuondoka mnamo saa 9 usiku, wakati ambao hakuna mgahawa wa kutegemea, na vyumba vya kawaida vina friji ndogo lakini havina maikrowevu. Kwa hiyo kifungua kinywa kinunuliwe tangu juzi yake: mkate, jamu, ndizi, na pakiti za uji wa oti wa haraka unaopikika kwa maji ya moto ya mashine ya kahawa. (Ipitishie mashine maji matupu mara moja kwanza, la sivyo uji utanukia kahawa ya mgeni aliyetangulia.) Kati ya saa 8:30 na saa 9 usiku, kula gramu 1 hadi 2 za wanga kwa kilo ya mwili. Vipande viwili vya mkate wenye jamu na ndizi moja vinakupa kama gramu 70, na kwa mtu wa kilo 60 inatosha. Kunywa mililita 300 hadi 400 za maji, kidogo kidogo.

Kisha usisahau kwamba saa 11 ni saa ya kundi la kwanza. Wakimbiaji huachiwa kwa makundi, na walio nyuma wanaweza kusubiri karibu saa nzima baada ya fataki za kwanza za kuanzisha mbio. Aliyekula saa 8:30 na kuanza kukimbia saa 12 kasoro, njaa huwa imesharudi. Beba ndizi ya pili au jeli ya nishati, uitumie dakika 15 au 20 kabla kundi lako halijaitwa. Njiani, lengo ni gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Jeli moja ina kama gramu 22 hadi 25, hivyo mbili kwa saa, kila moja na maji, si na kinywaji cha sukari. Jeli juu ya kinywaji cha sukari hufanya tumbo livute maji ndani, ndipo linapojaa na kuuma. Na usinywe kwa woga kila kituo. Kunywa kupita kiasi hushusha sodiamu kwenye damu, na anayetembea sehemu kubwa ya njia ndiye aliye hatarini zaidi, kwa sababu ana muda mwingi wa kunywa na jasho dogo. Kiu iwe kipimo chako. Kasi ya chini inayoruhusiwa ni dakika 16 kwa maili, yaani karibu dakika 10 kwa kilomita, kwa hiyo muda wa vituo vya maji na picha nao uingie kwenye hesabu.

Mwaka ambao nusu marathoni inaangukia Jumapili ya kwanza ya Novemba, Marekani hurudisha saa nyuma kwa saa moja, inapofika saa 8 usiku ule ule. Usiku unaongezeka saa moja, na chakula cha jioni kinakuwa mbali zaidi na mbio kuliko ulivyopanga. Simu hujirekebisha yenyewe. Saa ya mkononi haijui habari hizo.

Ukishavuka mstari, usikae chini na usisimame kama mlingoti. Damu hujikusanya miguuni, ndiyo maana watu huanguka kwenye foleni ya picha na si barabarani. Tembea dakika kumi. Ndani ya saa ya kwanza kula kama gramu 60 za wanga, gramu 20 hadi 25 za protini, na kitu chenye chumvi. Kisanduku cha vitafunwa unachopewa mwisho kinasaidia upande wa wanga na chumvi, lakini protini ni haba. Maziwa au mtindi kwenye friji ya chumbani huziba pengo hilo. Dawa za maumivu kama ibuprofen ziache hadi umekula, umekunywa na mkojo umekuwa mweupe, na usizichanganye na pombe. Tumbo na figo vimeshafanya kazi ya kutosha siku hiyo.

Hapo ndipo tamasha linapoanza kwa mkimbiaji. World Showcase, sehemu ya Epcot yenye mabanda ya nchi 11 kuzunguka ziwa, kwa kawaida hufunguliwa saa 5 asubuhi. Aliyemaliza saa 3 ana muda wa kurudi hotelini, kuoga, kubadili soksi na kulala nusu saa. Mzunguko mzima ni karibu kilomita 2, unaofaa sana kulegeza miguu iliyokakamaa. Umati mkubwa huanzia Meksiko, kushoto unapoingia. Ukianzia Kanada, kulia, utaifikia supu ile kabla foleni haijarefuka. Sahani za vibandani ni ndogo, matonge matatu au manne, nyingi kati ya dola 5 na 10. Nendeni wawili au watatu, sahani moja ya kushirikiana kila kibanda, mkae mle. Vya chumvi vitangulie, kwa sababu mwili umepoteza chumvi na utamu wa mapema huua hamu. Maji ya barafu hutolewa bure kwenye migahawa ya kaunta. Anayekunywa mvinyo aanze baada ya sahani ya tatu na abebe pasipoti: umri wa kisheria Florida ni miaka 21, na vibandani huulizwa hata wenye mvi.

Ukizunguka kutoka Kanada, Norwei ni ya pili kutoka mwisho, na ndipo penye kitamutamu bora cha siku. Ni kile ambacho duka la Kringla hukiita School Bread: andazi la iliki lenye krimu nzito ya vanila katikati, sukari ya maji juu yake na nazi iliyokaangwa pembeni. Lina wanga ambao misuli inaudai na halina uzito wa kaangizo. Kama miguu imegoma, kaa nalo ukutani, uagize la pili kwa ajili ya ndege ya Jumatatu. Krimu ile haivumilii joto, kwa hiyo isikae nje ya friji zaidi ya saa mbili, au saa moja siku ikivuka nyuzi 32.

Msomaji wenu